Mshika Tochi

Hita iliwaka ukiibonyeza, ikazima ukiiachia. Mariana alikuwa amepiga magoti mbele yake tangu kulipopambazuka, kidole gumba kimekufa ganzi, na nyuma yake vifaranga mia tatu walikuwa wakilia bila kupumua. Alibonyeza, moto ukaja. Aliachia, moto ukaondoka zake.

"Imekufa," alisema mumewe, Adolfu, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Haijafa. Imekataa tu."

Haikuwa hita ya kuku. Ilikuwa hita ya Wazungu ya kupashia nyumba, kabati la bati lenye nafasi ya mtungi wa gesi mgongoni, na daktari mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake ndiye aliyekuwa akiotea miguu sebuleni kwake. Mariana alipoinunua, mtaa mzima wa Mazwi ulimcheka. Lakini Julai ya Sumbawanga haina utani na kifaranga. Mwaka uliopita alitumia majiko ya mkaa, moshi ukamaliza kundi zima, naye akala hasara na maneno ya watu juu yake. Mwaka huu chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kufaa, na Mariana alikwisha jitapa kisimani na kanisani kwamba ada ya binti yao Edith ya kidato cha tano itatoka kwa kuku wake, haitasubiri lori la mtu.

Lori la mtu, yaani lori alilokuwa akiendesha Adolfu, la kupandisha mpunga kutoka Mtowisa, bondeni. Adolfu alilisikia neno hilo na hakulipenda, ila alikuwa mtu wa kununa kimyakimya.

"Namjua fundi," alisema sasa, na uso wake ukachangamka ghafla kuliko ulivyostahili kuchangamka kwa ajili ya hita. "Sayi. Ana kibanda karibu na soko. Majiko ya gesi, mafriji, vyote anatengeneza."

"Sayi ni mwanaume au mwanamke?"

"Fundi ni fundi, mama Edith."

Mariana akajua ni mwanamke. Akawasha majiko mawili ya mkaa kwa muda, akafungua dirisha nusu kupisha moshi, na roho yake ikaanza kuchemka kabla hata maji ya mgeni hayajabandikwa.

Sayi alikuja kwa bodaboda, suruali ya jinzi, mfuko wa vyuma begani, akitetemeka. Alikuwa Msukuma wa bondeni, wale waliohamia na ng'ombe wao miaka ile, na joto la Mtowisa lilikuwa halijamtoka mwilini. Hata salamu hakuimaliza.

"Mke mwenzangu, hujambo? Mume wetu amesema unamnyima usingizi kwa ajili ya bati."

Adolfu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mariana alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mwanaume huyu alicheka namna hiyo mezani kwake, na hakukumbuka.

"Sijambo," alijibu. "Karibu."

Afanyeje? Mfipa na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukuita mke mwenza, akamwita mumeo mume wake, akakwambia wewe ni mchawi na ugali wako ni mbaya, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Mariana alilelewa Mpui, Ufipani kwenyewe, aliyajua hayo tangu utotoni. Aliwaona watani wakilala kaburini msibani kwa babu yake, wakidai walipwe ndipo mwili ushuke, na waombolezaji wakacheka huku wakilia. Ila msibani ni msibani. Hapa ni chumba chake, na anayeitwa mume wetu ni wake, na anachekelea.

Sayi alilala chini kifudifudi, akafungua bati la mbele. "Nimulikieni."

Mariana alinyoosha mkono, lakini Adolfu alikwisha washa tochi ya simu na kuchuchumaa pembeni ya fundi, bega kwa bega. Mariana akabaki amesimama na mkono wake mtupu. Akaenda kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Mnaona hiki?" Sayi alisema, akitoa kijiti cha shaba kilichoungua ncha. "Hii ndiyo sensa. Kazi yake ni kukaa ndani ya huu moto mdogo. Ikipata joto, inaiambia gesi pita. Ikipoa, inaifungia. Hii imekufa, kwa hiyo gesi inadhani hakuna moto. Ni usalama wenu huu, msilaumu hita."

"Spea yake ipo?" aliuliza Adolfu.

"Ya kwake? Hata Dar hupati. Lakini ninazo hizi za kuingia popote." Akatoa pakiti yenye waya mrefu wa shaba na nati za saizi mbalimbali. "Zinaingia kwenye kila kitu, na hazikai sawa kwenye kitu chochote. Mpaka uzibembeleze."

"Kama Wasukuma," alisema Adolfu.

"Kama waume wa Kifipa," alijibu Sayi, na wakacheka tena wote wawili, na tochi ikacheza ukutani.

Alijaribu nati ya kwanza, ikakataa. Ya pili ikaingia. Aliikaza kwa vidole, kisha akaisukuma kidogo tu kwa spana. Waya ulikuwa mrefu kupita kiasi, akauzungusha duara pana taratibu, akieleza kwamba ukiukunja kwa ghafla unakufa ndani kwa ndani huku kwa nje unaonekana mzima. Mariana alisikia maneno hayo akayapeleka pasipohusika. Tatizo lilibaki kwenye ncha: tundu la kushikilia sensa ya zamani lilikuwa kubwa, mpya ikawa inapwaya. Sayi akaifunga kwa waya wa kufungia, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya gesi kuona kama panavuja, akabonyeza, akasubiri, akaachia.

Moto ukabaki. Vifaranga wakaanza kusogea, wakatawanyika, kelele zikapungua chumba kizima.

"Leo imekaa," Sayi alisema akijipangusa. "Lakini huu waya ni wa dharura. Ukipata moto sana unalegea, ncha itatoka motoni, hita itazima. Kesho asubuhi nakuja na kishikizo cha bati, nitamwambia fundi wa kuchomelea anitengenezee leo. Kesho, sio keshokutwa."

"Kesho mimi naondoka alfajiri kwenda bondeni," alisema Adolfu, na masikitiko yake yalisikika wazi.

"Haidhuru. Mke mwenzangu yupo."

Alilipwa. Akiwa anatoka uani, upepo ulimpiga akajikunyata, akaliona kwenye kamba sweta la Mariana, la rangi ya ugoro, lile ambalo Adolfu alimletea kutoka Mbeya walipombatiza Edith. Akalichomoa, akalivaa palepale.

"Hili naondoka nalo, mtani. Msinitumie radi tu, nyie wachawi wa Kifipa."

Adolfu alicheka. Akasema, "Limekupendeza kuliko mwenyewe."

Ulikuwa utani. Mariana alijua kwamba ulikuwa utani, na alilijua pia jicho la mumewe lilivyosindikiza lile sweta mpaka kwenye bodaboda, na hilo jicho halikuwa na utani wowote ndani yake. Wivu ukamshika, wivu mtupu usio na aibu, akakiosha mara mbili kikombe alichonywea Sayi.

Adolfu aliondoka gizani. Jua lilipochomoza Justina, jirani yao, alikuja kuomba chumvi na kuleta habari. Chumvi ilikuwa sababu tu.

"Nimemwona mke mwenzio jana jioni sokoni amevaa sweta lako," alisema. "Nikajiuliza, mama Edith siku hizi anagawa nguo?"

"Ni mtani."

"Ehee. Mtani." Justina alipokea chumvi, akaikunja kwenye pembe ya kanga polepole. "Mimi shemeji yangu naye alikuwa na mtani. Sasa wana watoto wawili."

Alikwenda zake akimwacha Mariana amesimama katikati ya ua. Hivyo ndivyo Sayi alivyomkuta alipoteremka kwenye bodaboda, sweta mwilini, kipande cha bati kilichokunjwa vizuri mkononi.

"Mke mwenzangu! Umeamkaje? Mume wetu amefika wapi?"

Kumbe anajua kwamba hayupo, aliwaza Mariana, akasahau kwamba alilisikia kwa masikio yake mwenyewe jana likisemwa. Akasogea akasimama getini, mkono kwenye nguzo.

"Hita ni nzima. Hakuna haja."

"Nzima kwa leo. Nifunge hiki, dakika chache tu, halafu nakuacha na kuku wako."

"Baba Edith amesema usije. Akirudi atafunga mwenyewe."

Sayi alimtazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la utani mdomoni. Upepo ulivuma, akaivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni.

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Sawa. Basi kichukue." Akampa kile kishikizo na skrubu zake ndani ya kipande cha gazeti. "Mwambie asiiache hita ikeshe tena na ule waya. Mama, nakuomba. Sio kwa ajili yangu."

Mariana alikipokea, akakiweka jikoni nyuma ya sufuria kubwa la sherehe. Siku nzima alitembea na furaha ndogo, chungu, ya mtu aliyefunga mlango wake mwenyewe. Aliwalisha vifaranga, akawabadilishia maji, akaitazama hita ikiwaka bila kasoro na akaiambia kwa sauti, "Unaona? Hatumhitaji." Jioni aliingia chumba cha nyuma mara ya mwisho. Moto ulikuwa umetulia. Akafunga mlango, akalala vizuri kuliko usiku wa jana yake.

Kulipokucha alisikia ukimya kabla hajaufikia mlango.

Chumba kilikuwa baridi. Waya ulikuwa umelegea, ncha ya sensa imeinamia pembeni na kuutazama moto ambao haukuwepo tena. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye pembe moja, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja akitafuta joto chini ya mwenzake. Wa juu walikuwa hai, wanasinzia. Alipoingiza mikono kuwatenganisha, wa chini walitoka wamebapa, wamelowa, hawana uzito wowote. Mariana aliwatoa akilia kwa sauti, akijiita jina lake mwenyewe na kujitukana kwa Kifipa, akawasha mkaa, akawaweka walio hai kwenye boksi karibu na jiko, mkono mmoja ukipepea moshi usiwaingie. Ndoo ya kwanza ya waliokufa ilijaa. Akachukua ya pili.

Simu ya Adolfu ilikuja akiwa bado ameishika ndoo.

"Vifaranga vipi?"

"Hita imezima. Wamekufa wengi, baba Edith. Wengi sana."

"Imezima vipi? Sayi si alisema atakuja na kishikizo jana? Hakuja?"

Hapo palikuwa na nafasi ndogo tu, kama ya kupitisha sindano, na ukweli ungeweza kupita. Mariana aliuona mdomo wake ukifunguka.

"Hakuja," alisema.

"Mpumbavu yule! Pesa amekula! Ngoja." Simu ikakatwa.

Mariana alikaa chini juu ya maranda, ndoo pembeni yake. Alitaka sana kwa siku mbili mumewe amkasirikie Sayi, na sasa amekasirika, na haikumpa raha hata ya kujaza kijiko. Alimwaza Sayi kibandani kwake, simu sikioni, akitukanwa mbele ya wateja kwa kosa ambalo hakulitenda. Fundi wa Sumbawanga anaishi kwa jina lake. Hadi jioni Justina atakuwa amelipeleka hilo jina Mazwi nzima, kwamba yule Msukuma aliua kuku wa watu. Halafu boksini kwake kulikuwa na vifaranga walio hai, pengine nusu, na mkaa, na usiku mwingine mbele.

Akainuka, akanawa mikono. Akakitoa kile kishikizo nyuma ya sufuria, akamwita Justina aje kuangalia jiko na moshi, na Justina alipouliza anakwenda wapi alimjibu, "Kumfuata mke mwenzangu," akatoka bila kusubiri kuona uso wake.

Kibandani Sayi alikuwa amekaa juu ya mtungi mtupu, sweta mwilini, hafanyi kazi yoyote. Mteja mmoja alikuwa akiondoka na jiko lake ambalo halijatengenezwa.

"Karibu," alisema, bila mke mwenza.

Mariana alishindwa kuketi. "Amekupigia?"

"Amenipigia. Kanitukana. Sio utani, matusi kabisa. Yule mama aliyetoka hapa aliyasikia yote, amechukua jiko lake."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nilisahau."

"Ulisahau?" Mariana alihisi machozi yakimpanda upya. "Ulikuja. Mimi ndiye niliyekurudisha. Kwa nini hukumwambia?"

Sayi aliokota nati moja sakafuni, akaizungusha vidoleni. "Ningemwambia ulinirudisha, angeuliza kwa nini. Na hiyo sababu mimi naijua. Ningeanzaje?"

 Nje mtu alikuwa akitangaza dagaa wa Kasanga, bei ya kumaliza.

"Nikwambie kitu, mama Edith," Sayi aliendelea, sauti chini. "Mumeo akishika tochi, mwanga hauendi kwenye hita. Mimi kazi hii nimeifanya miaka, najua mwanga unapokuwa kwenye kazi na unapokuwa kwenye shingo yangu. Ndiyo maana namtania sana mbele yako. Mtu ukimtania mbele ya mkewe hawezi kusema la kweli. Na ndiyo maana niliposikia kesho yake hayupo, sikuahirisha."

Mariana aliyasikia maneno hayo yote, na yalimchoma kuliko lolote alilolidhania peke yake. Kwa hiyo hakuwa kichaa. Jicho aliliona, na lilikuwepo. Ila alikuwa amemfungia geti mtu asiyehusika, na kwa mikono yake akamfungashia mwenye jicho chakula cha safari. Wivu haukuondoka, ulisogea tu, ukaenda kukaa kwa mwenyewe.

"Ungeniambia," alisema.

"Pale getini? Ungenipiga na mwiko."

"Ningekupiga."

 Mariana akavuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Tangu aanze kumjua mwanamke huyu alikuwa hajamrudishia neno hata moja la utani. Alimwacha aseme peke yake, naye akabaki kukusanya kinyongo.

"Wewe Msukuma," alisema, "ng'ombe wenu wamemaliza mpunga wote huko bondeni, sasa umepanda kula masweta yetu. Inuka. Vifaranga wangu wanakufa, na wewe umekaa juu ya mtungi kama mama mkwe."

Sayi akacheka, kicheko kilichotoka na kilio kidogo ndani yake. "Haya! Kumbe una ulimi!"

"Na bisibisi hii naondoka nayo." Mariana aliichukua mezani, ile yenye mpini mwekundu, akaichomeka kwenye kibwebwe.

"Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote!"

"Na sweta?"

Sayi akainuka mtungini. Akabeba mfuko.

Adolfu alirudi mchana, mapema kuliko kawaida. Alikuwa ameliacha lori, mpunga upakuliwe na watu wengine. Aliingia uani kwa hasira aliyoitayarisha njia nzima, akapita ndoo mbili zilizofunikwa magunia, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Wanawake wawili walikuwa wamelala kifudifudi mbele ya hita, vichwa vimegusana, miguu ikimwelekea yeye. Mkewe alikuwa na bisibisi. Sayi alikuwa ameshika tochi, na mwanga ulikuwa umetulia mahali pamoja.

"Usikaze sana," Sayi alikuwa akisema. "Ncha iingie motoni kiasi hiki tu. Hapo. Sasa skrubu ya pili."

"Kumbe huyu yupo hapa!" Adolfu alisema. "Sayi, baada ya niliyokwambia..."

"Alikuja, baba Edith," Mariana alisema bila kugeuka. "Jana asubuhi alikuja na kishikizo. Mimi nilimrudisha getini, nikasingizia ni wewe uliyesema. Leo nikakudanganya kwenye simu. Matusi yako ni yangu, na utamwomba msamaha huko huko sokoni, mahali watu waliposikia."

Adolfu alisimama. Hasira yake ilikosa pa kutua. "Ulimrudisha? Kwa nini?"

Mariana alimaliza skrubu. Alibonyeza kitufe, akangoja huku midomo ikisogea kama anasali, akaachia. Moto ulibaki. Sayi akalisogeza boksi, na vifaranga waliosalia wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakiyumba, wakielekea kwenye joto.

"Nimekuuliza kwa nini," alisema Adolfu, lakini kwa sauti ndogo. Akatoa simu mfukoni. "Haya basi, hapo pana giza. Lete niwamulikie."

"Hapana," walisema wote wawili kwa pamoja.

Wakaangua kicheko, vichwa bado vimegusana, kicheko kirefu cha watu wenye jambo lao. Adolfu aliwatazama, na kitu ambacho hakuwahi kukijua ndani ya nyumba yake kikamshika. Walikuwa wakicheka nini? Walikwisha ambiana nini? Tangu lini mkewe akajua kushika bisibisi? Akawa kama mtu aliyefika karamuni wakati sahani zinaoshwa.

"Sasa mimi nishike nini?" aliuliza.

Mariana aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kutazamwa.

"Shika mlango," alisema. "Ufunge. Watoto wanapigwa na baridi."

Adolfu akakishika kitasa, asijue aufunge akiwa ndani au akiwa nje.